Siku Niliyoifungua Laptopu

Mie shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kusema. Ufundi wa redio nilijifunza kwa kuziharibu. Ya kwanza ilikuwa ya baba yangu mdogo, na bakora zake nilizipata. Ya pili ilipona. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, vitu vikamiminika kutoka Dubai, kibanda changu cha Tandika kikajaa redio kaseti na televisheni mpaka mlangoni. Kompyuta nilikuwaga naziona kupitia madirisha ya ofisi za mjini tu.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaingia jirani yangu, mama wa Kizaramo kama mie, mtu mzima kunizidi, pamoja na binti yake aliyekuwa anasoma chuo kikuu. Binti amebeba kitu kimeviringishwa kwenye khanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Msikilize mwanao, mie limenishinda."

Binti akafunua khanga. Ilikuwa laptopu, kompyuta ya kukunja, aliyoletewa na kaka yake baharia. Akanieleza kwamba ndani mna utafiti wake wa mwaka mzima, na Jumatatu ndiyo mwisho wa kuupeleka chuoni. Asipoupeleka, anarudia mwaka. Tangu juzi akibonyeza kitufe taa inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi.

"Hukuandika kwenye karatasi?"

"Niliandika, baba. Nilipomaliza kupiga chapa, karatasi nikampa mama awashie jiko."

"Ulisema hazina kazi," mama akasema.

Nikauliza kama kuna fundi mwingine ameishika. Akasema yupo mmoja mjini, mwenye tai, kamwambia ubao mkubwa wa ndani umekufa, mpya uagizwe nje, asubiri miezi miwili.

"Aliifungua?"

"Hapana. Aliibonyeza tu."

"Basi hajui. Mtu hawezi kukijua kitu ambacho hajakifungua."

Nilisema hivyo kwa kiburi, na moyo ulikuwa unanienda mbio. Sikuwa na woga. Ilikuwa ile hamu ya mtu aliyewekewa sahani ya chakula asichowahi kukionja. Jirani yangu mchongaji wa Kimakonde, niliyezoea kutaniana naye, alikuwa ameshaacha tindo zake na kuja kuegemea mlango.

"Mzaramo, ngoma unaiweza, hatukatai. Hiyo nayo ikikufia mkononi tuizike na sanda?"

"Itazikwa kwenu, nyie ndio mnaojua kuchonga majini ya mpingo."

Nikaanza na umeme, kama ninavyoanza na kitu chochote. Nikaupima waya wa kuchajia, mzima. Nikatoa betri, nikaiwasha mashine kwa umeme wa ukutani peke yake. Taa ikawaka, feni ndogo ikavuma, kisha ikalia tii, tii, tii, ikanyamaza. Kioo cheusi. Nikakimulika kwa tochi, nisione hata kivuli cha herufi.

Lakini ule mlio ukanifurahisha. Maiti hailii. Nikamwambia binti, "Huyu mgonjwa anatuita, ila hatujui anaumwa wapi."

Nikachukua kipande cha boksi, nikachora umbo la mashine, na kila skrubu niliyoitoa nikaichomeka kwenye mchoro, palepale ilipotoka. Huo ndio ufundi wangu, sikufundishwa na mtu. Chini ya tumbo palikuwa na kifuniko kidogo. Nilipokibandua, harufu ikanipiga usoni. Nikainama, nikanusa tena. Nikamtazama mama.

"Bi mkubwa, hii mashine mmeifukiza?"

Akajitanda khanga yake vizuri. "Kitu kimetoka Ulaya, kimepita machoni mwa watu wangapi? Mwanangu anasoma, watu wana husuda. Kila Alhamisi nakiweka juu ya kiti cha kamba, chetezo chini. Udi mzuri, naupika mwenyewe na sukari."

Binti akafunika uso kwa viganja. Mchongaji alicheka mpaka akakaa chini.

Matundu ya hewa yalikuwa upande wa chini, na moshi wote wa sukari ulipandia humo. Ndani nikaona kijibao chembamba chenye meno ya dhahabu, ambacho binti aliniambia ndicho kumbukumbu ya mashine. Meno yake yalikuwa na utando wa kahawia, unanata kama sufuria ya kashata. Nikakichomoa taratibu. Nikakifuta kwa spiriti, kisha nikayasugua meno kwa raba ya penseli mpaka yakameta, na nafasi yake nikaisafisha kwa mswaki. Nikakirudisha, kikaingia kwa kishindo kidogo.

"Bonyeza wewe," nikamwambia binti. "Ni yako."

Feni ikavuma. Hakuna mlio. Kisha pembeni ya kioo zikatokea namba nyeupe, zinapanda zenyewe, zinakimbizana. Nilizipigia kelele kama mtu aliye kwenye mechi ya Simba na Yanga, nami si mtu wa kelele. Mama akapiga kigelegele kimoja, halafu akakumbuka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe nilikuwa namwua mwanangu kwa mkono wangu?"

"Hujaua mtu. Umeifukiza kama bibi harusi, basi. Usirudie."

Binti akaufungua utafiti wake, akaukuta wote upo. Akautia kwenye disketi tatu alizonunua jana yake, mashine ikiwa imeshagoma, ndipo akapumua. Nikamwambia sasa anisomee, nijue nimeokoa nini. Akasoma. Ulikuwa juu ya maji ya visima vya Temeke. Alipofika kisima cha nyuma ya soko, nikamsimamisha.

"Hapo umekosea. Kile hakikuchimbwa na serikali. Tumekichimba sisi, mie na wenzangu saba, siku kumi na moja."

"Kweli, baba?"

"Mie ndiye niliyekuwa chini."

Akanitazama kidogo, akafuta mstari, akaanza kuandika upya, huku akiniuliza kina chake na udongo wake. Nikamjibu kila kitu. Jumatatu akaupeleka chuoni hivyo hivyo, na maneno yangu ndani.