Kibanda cha Nyasi Jeddah

Sikuondoka Riyadh, nilikokuwa mtumishi wa nyumbani, kwa hiari yangu. Dada yake madam, mwalimu wa shule ya wasichana Jeddah, alikuwa anaandaa siku ya mataifa, na kwenye kona ya Afrika alitaka kibanda cha nyasi na Mwafrika ndani yake. Mwafrika mwenyewe ndiye mimi, mzaliwa wa Nakuru, nyumba ya mabati na stima.

Jioni kabla ya safari tulipita soko la Al-Dirah, madam akaninunulia shanga na kitambaa cha madoa ya chui. Nikamuuliza nivae viatu gani.

"Mafi viatu," akasema, yaani hakuna viatu. "Kwani kwenu mnavaa?"

Nikachukua mfuko. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, alikuwa nayo mumewe, kafili aliyenidhamini. Neno moja lingenirudisha nyumbani kabla mwanangu hajamaliza shule.

Alfajiri tukashika njia. Jangwa halikuisha. Tuliposimama kwa sala nikapewa chai, ikapoa mkononi.

Alasiri, Jeddah, nilitumwa mtaa wa Ruwais kuazima mikeka kwa Bibi Zuwena, Mzanzibari aliyeletwa huku utotoni na wazazi wake baada ya mapinduzi. Nilimwamkia, akafurahi kusikia Kiswahili, akanimiminia kahawa. Akauliza mikeka ni ya nini. Nilipomweleza, furaha ikamtoka.

"Babu yangu alikuwa fundi wa milango," alisema. "Waingereza wakampeleka kwao, kwenye maonyesho ya makoloni. Kwake Unguja ana nyumba ya mawe, kule wakamjengea kibanda cha makuti. Wakamvua kanzu na makubazi, achonge, watu wamtazame. Wengine wakipitisha mikono kwenye uzio kumshika nywele."

Nikamuuliza kwa nini hakukataa.

"Akatae vipi, mwanangu, na meli ya kurudi ni yao? Alichonga. Lakini aliporudi hakuchonga tena mbele ya mtu. Akijifungia. Hata sisi wajukuu, chai yake tukiiweka kizingitini, tukabisha, tukangoja."

Nikaifikiria ikama yangu.

Kesho yake asubuhi nilikaa kibandani, miguu mitupu, nikitwanga kinu kisicho na kitu. Wasichana walinishika nywele. Mwalimu mmoja aliuliza kama kwetu kuna nyumba. Kila simu iliponielekea nilishtuka, nikiwaza picha itafika Nakuru kabla yangu, mwanangu aione. Niliona aibu, na hasira, nikaendelea kutwanga.

Tulirudi Riyadh madam akiwa amefurahi njia nzima.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kulazimishwa kutazamwa, na bado akabakiza mahali pake pa kujisitiri. Mchana wa siku iliyofuata niliingia jikoni kupika, nikafunga mlango. Madam akaja, akasukuma, haukufunguka. Nikaendelea kukata vitunguu. Kisha nikamsikia akibisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nikamwacha abishe mara ya pili, ndipo nikafungua.