Ukungu Unaowashwa na Nyota Changa

Mwanangu, ipo jioni moja ya Ulemo ambayo hunijia kila mvua zinapokaribia. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nasoma shule ya jioni, najiona nimemzidi hata Gavana kwa akili.

Mwalimu wetu alikuwa askari aliyerudi kutoka Burma na darubini nzito kama ndama. Siku moja, usiku ukiwa umekwenda sana, akatuonyesha zile nyota tatu zilizopangana mstari, na ubavuni mwake ukungu mdogo unaong'aa. Akasema ule ni gesi. Umezaa nyota, na nyota hizo changa zina moto mkali hata gesi yenyewe inawaka.

Kesho yake nikamfuata mjomba wangu, Mzee Mkumbo, ambaye kijiji kilimsikiliza kuhusu siku ya kupanda. Mvua ya kwanza ilishanyesha, lakini yeye anangoja nyota hizohizo zichomoze mapema jioni, kabla ugali haujaepuliwa. Nikamwambia mbele za watu kwamba anangoja gesi. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mama akaniamini, maana mimi ndiye msomi. Akashusha mbegu yote ya mtama iliyoning'inia juu ya moshi wa jiko, tukapanda, hatukubakiza hata suke. Ukaota vizuri. Kisha likaja jua ambalo hata mijusi walitafuta kofia. Kila asubuhi mama alikwenda shambani kutazama miche inavyonyauka. Siku ya ishirini hakwenda. Nikajua wadogo zangu watalala njaa mwaka mzima, na sababu ni mimi.

Nikaenda kwa mjomba, nikapiga magoti na kutoa shikamoo. Aliniacha hapo chini mpaka ng'ombe wote wakaingia zizini.

"Mpwa wangu," akasema, "hiyo gesi yako naikubali. Ila mimi sikuwa naulizia imetengenezwa na nini. Nilikuwa naulizia majira."

Akanyoosha kidole mashariki. Zile nyota tatu zilikuwa zimechomoza, na ugali ungali jikoni. Akanipa kapu la mbegu, nusu ya zake.

"Peleka kwa dada yangu. Na usimwambie lolote kuhusu nyota."

Tulipanda alfajiri. Siku ya tatu mvua ikashuka.

Baadaye vitabuni nilisoma jambo lililonitia baridi: nyota changa zile, kwa ukali wa mwanga wake, huusukuma ukungu uliozizaa na kuutawanya, mpaka libaki pango tupu. Mwanangu, ukielimika, waangazie waliokuzaa, usiwatawanye. Kabla hujamsahihisha mzee, muulize anatafuta nini pale anapotazama. Mungu akujalie elimu yenye moto, na mama yako auote bila kuungua.