Hozi Niliyoipakata Hadi Hospitali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha boksi la sabuni. Nilidhani ni cha kukalia, nikakikalia. Nilikuwa nimetoka Gorong'a alfajiri na darasa la nne langu, na katika karakana ile ya mkandarasi wa barabara pale Tarime nilitegemea kupewa fagio. Fomani wa mitambo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaniambia, "Inuka mama. Hicho unachokikalia ndicho mkono wako kuanzia leo."

Kisha akaninyooshea mkono wake wa kushoto. Ulikuwa na vidole vitatu.

Hozi, wajukuu zangu, ni ile mipira myeusi mnayoiona kwenye greda, kwenye buldoza na kwenye kijiko, ile mashine ya kuchimba. Ndani yake inapita oili iliyosukumwa kwa presha kali, na presha hiyo ndiyo inayonyanyua jiwe ambalo kijiji kizima hakiwezi kulisogeza. Hozi ikitoboka tundu dogo la sindano, oili inachomoka kwa kasi hata huioni vizuri. Ukipitisha mkono hapo, inaingia mwilini kama uzi unavyoingia kwenye nguo, na huko ndani inaozesha nyama. Fomani alipitisha mkono wake, akadhani amechomwa na mwiba, akaenda kulala. Vidole viwili vikabaki hospitali. Ndiyo maana ya boksi: unalipitisha wewe ukiwa umekaa mbali, likichanika au likilowa, umeliona tundu.

Nilijifunza kazi kwa macho. Hozi iliyochoka inajionyesha. Ngozi yake inapasuka kama kisigino cha kiangazi. Inavimba mahali pamoja kama shavu la mwenye jino bovu. Shingoni, pale mpira unapoingia kwenye chuma, inatoa jasho la oili na vumbi linagandia. Ukiona nyuzi za chuma zimetokeza, usibishane na mtu. Ondoa.

Na kuondoa kuna adabu yake. Kwanza unalaza chini bakuli la mashine, lile la kuchotea udongo, unazima injini, unachezesha leva zote, vile vishikio vya kuongozea mashine, mpaka presha ife. Halafu spana mbili, moja inashika, nyingine inazungusha. Mdomo ulio wazi unauziba na kitambaa safi, maana mchanga ukiingia kwenye oili umeua pampu. Hozi mpya ina mstari ubavuni. Ukiifunga halafu mstari ukajizungusha kama nyoka, umeinyonga, fungua uanze upya.

Waendesha mitambo walinichoka kabla hawajanijua. "Mama Robi," mmoja aliniuliza, "mboga umemwachia nani?" Nikamwambia, "Nimemwachia mume wangu. Anakoroga mboga vizuri kuliko wewe unavyokoroga gia." Wakacheka, na nikaona nimepata kazi.

Nikatoka Tarime nikapelekwa Ringwani, kwenye barabara ya changarawe. Msimamizi wa pale alikuwa mkali wa mafuta na mpole wa maneno. Alikuwa akinisalimu shikamoo kila asubuhi, halafu ananiuliza, "Leo umemkataa nani?" maana mashine niliyoikataa haikutoka. Niliipenda Ringwani. Nilinenepa.

Kisha nikahamishiwa Kisaka, na huko ndiko nilikomkuta Marwa.

Marwa alikuwa opereta wa kijiko, kijana wa kwetu Tarime, mtu wa maringo na mwenye mkono mwepesi kwenye leva kuliko wote niliowaona. Mvua ilikuwa karibu na kalavati halijakwisha. Hozi ya mkono wa mashine ikaanza kutoa jasho. Badala ya kuniita, akachana tyubu ya baiskeli akaifunga hozi kama anavyofungwa ng'ombe aliyevunjika mguu. Hiyo ndiyo dawa ya watu wetu kwa kila kitu, raba ya tyubu. Inaziba macho yako, tundu hailizibi. Oili ikatafuta njia pembeni, naye akaenda kupapasa.

Nilimkuta anafuta kiganja kwenye suruali. Palikuwa na nukta nyekundu, ndogo kuliko kuumwa na mbu.

"Umepapasa?" nikamuuliza.

"Mwiba tu, mama."

"Injini ilikuwa inawaka?"

Akakificha kiganja nyuma. Nikajua.

"Panda gari twende hospitali."

Akacheka mpaka wenzake wakaja. "Mama Robi, mimi nimetahiriwa mbele ya wazee bila kupepesa jicho. Leo nipelekwe hospitali kwa mwiba? Rika langu litaniimba!"

Na wenzake, badala ya kunisaidia, wakamchochea. "Mura, akuletee na maziwa kwenye chupa!" Mura ni kijana, kwa Kikurya, lakini walivyolitamka ni kama kumvika joho. Huo ndio ugonjwa wetu. Mkurya akiumwa sana anasema anaumwa kidogo, akiumwa kidogo anasema haumwi, na kile kidonda cha oili mwanzo hakiumi. Nikaona vile vidole vitano vinashika leva, nikaona vinakwenda kama vile viwili vya fomani.

Nilijua kumsihi ni kumpandisha kichwa. Nikapanda kwenye mashine, nikazima, nikaua presha, nikaifungua ile hozi pamoja na bandeji yake. Nikaikunja, nikaingia nayo kwenye pikapu ya injinia, nikaipakata kifuani kama mtoto, oili inanichuruzika kwenye gauni.

Injinia akaja mbio. "Mama, kazi inasimama! Una uhakika?"

"Nikiwa nimekosea mtanicheka mpaka nistaafu. Niendeshee."

Alimwangalia Marwa, akaniangalia mimi, akaingia kwenye usukani.

"Hozi yangu unaipeleka wapi?" Marwa akapiga kelele.

"Hospitali. Ukiitaka, ifuate."

Alipanda nyuma akinitukana kwa Kikurya, matusi mazuri ambayo sijayasikia tangu bibi yangu afe. Tulipofika nusu ya njia matusi yakapungua. Nikageuka. Kiganja kilikuwa kimevimba kama andazi, vidole haviwezi kukutana. Hakusema kinamuuma. Lakini jasho lilikuwa likimtiririka.

Daktari aliposikia ni oili ya presha hakuuliza la pili. Walimpasua kiganja mpaka karibu na kiwiko wakasafisha. Daktari alitoka akaniambia, "Mngelala naye kule kambini, tungekuwa tunazungumza habari ya kuukata. Mkono atabaki nao. Kama vidole vitakunjika, tusubiri."

Tulisubiri. Mama yake aliomba kanisani, baba yake aliomba kwa njia zake, mimi nilikuwa naenda kumkazia ashike mpira wa kitambaa na kuuminya. Alikuwa analia akiuminya. Sikumwambia mtu. Nawaambia ninyi leo kwa sababu amekubali mwenyewe.

Nimestaafu sasa. Nina mahindi, nina mbuzi, nina mgongo unaolalamika. Wanawake wenzangu wananiuliza kazi ile ya kiume ilinipa nini zaidi ya kucha nyeusi. Ilinipa nyumba ya bati, ilinisomeshea Robi na wadogo zake, na ilinifanya niheshimiwe na wanaume ambao hawaheshimu hata mvua. Lau ningezaliwa tena ningeomba boksi lilelile, ila safari hii nisilikalie.

Marwa anapita hapa kwangu akienda kwao, bado ni opereta. Kovu lake linapanda mkononi kama njia ya siafu. Anasema, "Shikamoo mama," anaushika mkono wangu, halafu ananiminya makusudi mpaka mifupa inalia.

"Niachie, unanivunja," namwambia.

Haachii. Na mimi sivuti.