Piano Iliyoita Msiba

Hapa kwetu Songea, piano ya taratibu isiyo na mwimbaji ni sauti ya msiba. Redio ikikatisha ghafla nyimbo za vijana na kuanza kupiga muziki wa namna hiyo, watu huacha walichoshika na kuulizana ni mkubwa gani katangulia. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini Jumamosi ile ya mwezi wa sita, baridi imeshika mji na mama yangu yuko kitandani wiki ya tatu tangu apigwe kiharusi, sikulikumbuka kabisa. Ujinga huo nausimulia mwenyewe kabla jirani hajaniwahi.

Mimi ni mwanamke ninayeandika mabango ya maduka kwa brashi. Mama hakuipenda kazi hii hata siku moja, eti mwanamke hapandi ngazi barabarani watu wakimtazama. Nyimbo za piano nilizipata kwa mtawa mmoja mzee wa Kizungu, nilipokwenda kupaka rangi chumba chake. Alinikuta nimesimama brashi hewani, nasikiliza santuri zake, rangi inadondoka sakafuni. Badala ya kunigombeza akaniwekea zote kwenye memori kadi. Watunzi wake siwajui. Nimezipa majina yangu: ule wa kupanda ngazi, ule wa mtu anayetafuta funguo, ule wa kuanika nguo. Nikiziweka kwenye spika yangu ndogo, huchukua rangi zilizobaki kwenye makopo ya kazi na kuchora vitu visivyo na mteja, birika, kabichi, kiatu. Ni furaha ya bure, na wala siionei haya.

Hospitali walituruhusu na maonyo mawili: mama ale, na asishtuliwe, maana presha yake ilikuwa bado haijatulia. Upande wa kulia ulikufa ganzi na maneno yalimwisha. Akageukia ukuta, akafunga mdomo. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamkasirikia hadi nikalia mbele yake, naye hakumeza hata kijiko kimoja. Siku ya nne nilikata tamaa, nikaingiza ubao wangu chumbani kwake na kuwasha spika, kwa ajili yangu mwenyewe kusema kweli. Ule wa kutafuta funguo haujafika katikati, nikaona ananitazama. Macho yake yalifuata brashi. Nikapeleka kijiko cha uji, akafungua mdomo.

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Piano ikilia na brashi ikitembea, anakula. Vikikoma, hali. Nikachora birika, nikachora kabichi, na vilipokwisha vya kuchora nikaanza kuchora uso wake.

Jumamosi hiyo picha ilikuwa imekamilika. Niliiweka juu ya stuli sebuleni, imetazama mlango, ili ikauke. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Spika nilikuwa nimeipandisha sauti ili niisikie jikoni nikikoroga uji. Mara nikasikia kilio uani.

Aliyetangulia kuingia alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Yeye na mama walinuniana miaka mingi kwa ajili ya mtaro wa maji ya mvua, na hakuwa amekuja kumwona mgonjwa. Sasa alikuja amefunga kanga kiunoni, beseni la unga kichwani, na nyuma yake wanawake watano wenye mizigo ya kuni. Aliiona picha kwenye stuli, akapiga yowe. Kabla sijamshika alikuwa ameshapita hadi chumbani.

"Nimechelewa, mama! Nisamehe, nimechelewa!"

Mama akafumbua macho.

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Niliwaza onyo la hospitali tu. Nikawa nakitazama kifua chake, kinapanda, kinashuka, kinapanda. Jirani naye aliduwaa na beseni lake, machozi yakimtiririka, mdomo wazi. Akalitua beseni, akapiga magoti kando ya kitanda, akapata neno moja tu.

"Shikamoo, mama."

Mama akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akamgusa kichwani.

Ningeishia hapo kama mtu asingekuwa amempigia simu mama yangu mdogo kule Mpitimbi. Alifika na bodaboda kabla jua halijazama, analia tangu njiani, akakuta waombolezaji wanakunywa chai na marehemu anapumua. Haya ikamgeukia kuwa hasira.

"Umekiita kifo mwenyewe mpaka mlangoni," aliniambia. "Picha ya mgonjwa, tena na muziki wa msiba! Wewe unamharakisha dada yangu?"

Akazima spika, akaifunga kwenye kanga yake, akaigeuza picha ikatazama ukuta. Mkubwa akishasema, unainama, nami nikainama. Mama naye akageukia ukuta.

Jumapili hakula. Jumatatu hakula. Midomo yake ilikauka ikapasuka, na maji niliyomdondoshea kwa pamba yalitoka pembeni. Mama mdogo alisali rozari kando ya kitanda bila kuchoka, na sikumwona mbaya, alimpenda. Nilimchukia hivyo hivyo.

Jumanne asubuhi nikamwomba spika. Akakataa.

"Akifa kwa mziki wako, usije ukanililia."

"Asipokula atafia mikononi mwako, mama mdogo. Rozari yako ndiyo itakayomlisha?"

Sijawahi kumjibu mkubwa namna ile, na hadi leo nikikumbuka naona aibu, ingawa ningerudia. Aliinua mkono. Nilidhani ananipiga. Wakati huo jirani alikuwa mlangoni, amefuata beseni lake.

"Mpe, dada," alisema. "Niliyelia wa kwanza ni mimi. Msiba niliuleta mimi, siyo hicho kidude."

Mama mdogo akafungua kanga polepole, akaiweka spika kitandani kama kitu kinachouma. Nikaweka ule wa kutafuta funguo. Nikachovya brashi. Ukapita wimbo mzima, mama hajageuka. Nikaweka wa kuanika nguo, nikachovya tena. Katikati yake kichwa kikasogea. Jirani ndiye aliyeshika kijiko, uji wenyewe ni wa unga wake wa matanga, na mama akafungua mdomo. Mama mdogo akatoka nje, nikamsikia analia uani.

Tukapata miezi minne. Mama alikuwa akinionyesha kwa kidole kopo la rangi analotaka, na karibu kila mara alitaka ya njano, hata kwa kabichi. Mtaa mzima uliizoea piano. Kila asubuhi jirani alipaza sauti kutoka upande wake wa ua, "Mnasikiliza?" nami nikamjibu, "Tunasikiliza!"

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mvua bado, jirani alikuwa akitifua shamba lake dogo nyuma ya ua. Nilikuwa nachora, ule wa kupanda ngazi unalia. Nilipoinua kichwa kumwonyesha mama rangi ya njano niliyoichanganya, macho yake hayakuifuata.

"Mnasikiliza?" jirani akaita.

"Tunasikiliza," nikajibu.

Jembe likaendelea. Nilikaa na mama, nikamshika mkono wa kushoto, nikauacha wimbo ufike mwisho. Kisha nikanyoosha kidole, nikazima.

Ng'ambo ya ua jembe likasimama. Hakuita wala hakuuliza. Alipotokea mlangoni alikuwa ameshafunga kanga kiunoni.