Mpira wa Kasha la Kamera

Fundi pampu wa Chumbageni hukagua mipira ya kuzuia maji kwa mdomo. Vidole vyake, anasema, vimekufa ganzi kwa mafuta ya mashine. Basi huuvuta mpira taratibu juu ya mdomo wa chini, macho kayafumba, na akihisi mkwaruzo hata wa unene wa unywele huutupa. Buthaina, aliyemletea kasha la kuzamishia kamera baada ya kuukosa mpira wake katika maduka yote ya mjini, alimwona akitupa kumi na mmoja. Kesho yake asubuhi alitakiwa Pangani kupiga picha za matumbawe, na kamera yenyewe ya kuazima. Aliona na jambo jingine: kila mara fundi akitaka kugusa maji, huvua saa yake ya mkononi, huifuta kwa shati, huitundika msumarini. Saa ile haitaki hata tone.

Mpira wa kumi na mbili aliupaka grisi kidogo, akaupachika. Buthaina akanyoosha mkono alichukue kasha.

"Bado, mwanangu. Tujaribu kwanza."

"Tutie karatasi ndani, fundi?"

"Karatasi ikilowa nani ataumia?"

Akaitungua saa msumarini, akaifungia ndani ya kasha, akalizamisha kwenye pipa la maji na kuligandamiza kwa tofali, kisha akaenda zake kuswali alasiri. Aliporudi akalifungua, akaiweka saa sikioni, akasikiliza kwa muda, akaivaa.

"Haya, ilete hiyo kamera."