Historia Tupu

Jumanne, saa 12:40 jioni. Nilifungua kivinjari kwenye kompyuta ya mke wangu. Historia ilikuwa tupu. Hakuna hata ukurasa mmoja.

Alikuwa ameitumia tangu asubuhi.

Jumatano, tupu. Alhamisi, tupu.

Kazi yangu ni ulinzi wa kompyuta katika ofisi ya bima. Najua jambo moja: asiyeficha kitu hafuti nyayo zake.

Kompyuta hiyo nilimnunulia mimi wiki mbili kabla, ya kwanza maishani mwake, ili aombe nafasi ya kusomea ukunga. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Niliiwekea kila kufuli ninalolijua.

Siku ya pili tu alilalamika.

"Baba Mapacha, kila nikiifungua inaniuliza mimi nani. Na fomu ya chuo inagoma, vitufe havibonyezeki."

"Usalama kwanza. Utazoea."

Hakulalamika tena. Hilo nalo nililiweka kichwani.

Alhamisi jioni nikamuuliza mchana alikuwa wapi.

"Kwa Miwani."

"Miwani yupi?"

"Yule wa duka la kuchapisha. Ana vituko huyo! Mbavu sina."

Sikucheka. Kwa miaka tisa nilidhani mwenye vituko ni mimi.

Ijumaa niliaga naenda kazini. Sikwenda. Saa 5:05 nilikuwa mlangoni kwa Miwani.

Mke wangu alikuwa kwenye stuli, amenipa mgongo. Kati ya bega lake na la Miwani haingepita hata daftari. Wanatazama kioo kimoja, cha mashine ya duka. Kompyuta niliyomnunulia iko pembeni, imefungwa.

Anacheka.

Roho iliniuma. Nikaingia.

"Bosi, subiri kidogo," Miwani alisema bila kugeuka vizuri. "Namalizia fomu ya mama huyu. Fundi wake kamvurugia mashine. Kaiweka ifute kila kitu ikifungwa. Historia, maneno ya siri, vyote! Fundi wa hivyo ama mwizi, ama ana wivu."

Mke wangu akageuka.

"Ni mume wangu," alisema. "Fundi ndiye yeye."

Miwani akakohoa. "Aa... shemeji. Karibu kiti."

Sikukaa. Nilifungua kompyuta ya mke wangu, nikaenda kwenye mipangilio, sehemu ya faragha. Alama ya vema ilikuwepo: futa historia kivinjari kinapofungwa.

Niliiweka mimi. Ofisini naiweka kwenye kila mashine. Mkono ulishazoea, haukuuliza kichwa.

"Nilidhani unafuta wewe," nilisema.

"Ulijuaje kwamba imefutwa?"



Nikatazama mashine ya duka. Ilikuwa imehifadhi neno lake la siri, pamoja na maneno ya siri ya wateja wengine kumi na wanne. Yeyote ambaye angekalia ile stuli angeweza kuingia kwenye fomu yake, akafuta jina lake.

Mlango ukiwa mgumu kupita kiasi, mwenye nyumba hupitia dirishani, na dirisha huliacha wazi. Mgeni wa mashine mpe kufuli analoweza kulifungua. Nimelijua hilo kwa gharama.

Nilifuta maneno yote kumi na matano. Kwenye kompyuta yake nikaiondolea tovuti ya chuo kizuizi, nikatoa ile alama. Ulinzi mwingine niliuacha. Dakika nne.

"Jaribu sasa."

Alijaza mwenyewe, kwa kidole kimoja. Hakunitazama. Miwani hakutoa kituko chochote.

Saa 5:47 kioo kiliandika: Ombi lako limepokelewa.

Ofisini huwa nawaambia waajiriwa wapya siku ya kwanza: neno lako la siri usimpe mtu, hata unayelala naye kitanda kimoja. Mke wangu sikuwahi kumwambia.

Saa 1:15 jioni, mezani sebuleni, alibadilisha neno la siri la kompyuta yake. Aliandika kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alifunika vitufe.