Kinu cha Segawa

Segawa Tomohisa alicheza beki kwa miaka kumi na minne, daraja la pili, na nje ya mji wetu hakuna aliyemjua. Umaarufu ulimjia alipoacha mpira, goti likiwa limeharibika na mkewe amerudi kwao Osaka. Alihamia nyumba ya marehemu mama yake, inayopakana na yangu, akaanza kujirekodi kwa simu akifanya peke yake kazi za watu wawili: kupandisha kabati ngazini, kujinyoa kisogo, kujipigia pasi ukutani. Watu laki tatu wanamfuata mtandaoni. Wanacheka, wanamtumia alama za moyo. Mimi nilikuwa namtazama kwenye simu huku namsikia ng'ambo ya ukuta, na nilicheka vilevile.

Mwisho wa mwaka mtaa wetu hutwanga mochi, vitumbua vya wali wa kunata, ukumbini. Safari hii hakuna aliyemwalika. Si chuki, ni ile heshima yetu ya kipumbavu. "Mtu maarufu yule, tusimsumbue," alisema mwenyekiti, nasi tukatikisa vichwa kukubali.

Kesho ya shughuli hiyo nikasikia kishindo uani kwake. Pu. Kimya. Pu. Kimya kirefu. Nikachungulia. Alikuwa amekitoa kinu cha mama yake, wali wa kunata unafuka mvuke. Anapiga kwa nyundo ya mti, anaiweka chini, anainama na goti lake bovu kuugeuza wali, anainuka tena. Mochi haitaki mtu mmoja. Mmoja hupiga, mwenzake hugeuza kwa mkono uliolowa, la sivyo wali unapoa. Simu aliisimamisha juu ya ndoo, inarekodi.

Roho iliniuma. Nikalowesha mikono bombani, nikaingia.

"Tomo, unatwanga au unasujudu? Kila saa umeinama."

"Shangazi," alisema, kama vijana wa mtaa wanavyoniita, "nitakuponda vidole. Mimi beki, sina shabaha."

"Ndiyo maana hamkupanda daraja. Piga."

Akapiga, nikageuza, mpaka wali ukawa laini kama ncha ya sikio. Alicheka hadi akakaa chini. Tuliila mochi palepale barazani, na unga wa soya na sukari.

"Tangu mama afe sijala na mtu," alisema, macho kwenye bakuli. "Jumamosi natwanga tena. Utakuja?"

"Nisije niende wapi?"

Jioni nikafungua simu nijione. Nilimwona anapiga, anainama, anageuza, peke yake. Kisha picha ikaruka, mochi tayari, bakuli moja. Mimi nimekatwa. Ukingoni tu kilisahaulika kipande cha mkono wangu, na chini yake mtu kaandika: "Huo mkono wa nani? Usituharibie, tunakupenda ukiwa peke yako." Maelfu walikuwa wamemuunga mkono.

Iliniuma, sifichi. Lakini sikuweza kumchukia. Hao ndio wanaomsemesha kila siku, na sisi majirani tulikuwa tumemheshimu mpaka tukamsahau.

Jumamosi nikasikia nyundo. Nikalowesha mikono kwa maji ya Desemba yanayokata mifupa, nikaenda. Lango lilikuwa limefungwa kwa komeo, kwa ndani. Nilimsikia anaiambia simu, kwa ile sauti yake ya uchangamfu, "Jamani, leo tena niko peke yangu."

Pu. Kimya.

Nilisimama pale langoni, mikono inachuruzika, nikimsikia anavyogumia kila anapoinama.